Miaka 18 ya Mererani kwenye sentensi moja

Kaka yangu ndiye alisoma wasifu wa marehemu. Ameshika karatasi mbili, upepo wa kwetu Iramba, Singida, mnaujua, karatasi zinapepea, maiki inakoroma, kina mama wanafunga kanga vizuri. Akafika hapa: "Mwaka 1988 marehemu alikwenda Mererani kutafuta maisha. Mwaka 2006 alirejea nyumbani na kuendelea na shughuli za kilimo."

Mererani ni kule kwenye machimbo ya tanzanite. Kaka akavuta pumzi akaendelea na ugonjwa, hospitali, shukrani kwa madaktari na wauguzi.

Kwenye ile nukta moja baba mdogo wangu aliingia kijana wa miaka 29 akatoka mzee wa 47.

Alafu mwishoni: "Ameacha mjane na watoto wanne." Benchi la nyuma kabisa, karibu na masufuria, walikuwa wamekaa watu watatu walioshuka alfajiri kutoka basi la Arusha. Mama mmoja wa makamo na vijana wawili, na yule kijana mkubwa ana paji la uso la baba mdogo, huhitaji kuambiwa. Walipoitwa kuweka shada, mshereheshaji akasema "wageni wetu kutoka Arusha". Wakaweka, wakarudi kukaa.

Zimepita wiki kadhaa na ile nukta haijanitoka kichwani.

Nitarudi kabla ya mavuno

Mliokua kipindi cha Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, mnajua hali ilivyokuwa, sina haja ya kueleza. Maduka yameanza kujaa vitu na mfukoni hakuna kitu. Kijijini kwetu kijana wa jirani akarudi kutoka Mererani na redio kaseti kubwa ya spika mbili, na juu ya lori mabati ya nyumba nzima. Mama mdogo anasema watu walikuwa wanaenda kuyashika yale mabati kwa mikono, kama wanahakikisha. Baada ya hapo vijana wakaanza kupungua kijijini, leo huyu kesho yule.

Baba mdogo aliuza mbuzi wawili wa nauli. Alikuwa na watoto wawili na wa tatu yuko tumboni. Akaaga kwamba atarudi kabla ya mavuno.

Kinachoniuma zaidi, Iramba yenyewe ni nchi ya dhahabu. Sekenke, pale chini ya mlima, Wajerumani walianza kuchimba mwaka 1909, na vita vilipowabana wakaishiwa sarafu, mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora ikapigwa zile sarafu za rupia 15 zenye tembo, ambazo leo zinauzwa minadani Ulaya kwa hela ambayo ukiisikia unakaa chini. Kwa hiyo kwetu habari ya mwanaume kwenda mgodini si ngeni hata kidogo. Lakini mtu wa Sekenke ulikuwa unajua yuko wapi, unateremka mlima kwa miguu unamkuta, unamwambia mtoto anaumwa. Mererani ilikuwa ni kama mtu kavuka bahari.

Mgao hauna tarehe

Nilikuwa nimezoea simulizi yetu ya ukoo, kwamba baba mdogo alienda akapata hela, hela ikamlevya, akasahau nyumba. Simulizi fupi na inaeleweka.

Sasa kwenye msiba nikakaa na mzee mmoja aliyewahi kuzama naye shimo moja, miaka ya tisini mwanzoni, akaniambia kitu kimoja ambacho kimeivuruga hiyo simulizi yote: "Mjomba, hela ipi? Baba yako mdogo tangu nimfahamu hakuwahi kulipwa mshahara hata siku moja."

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa shimoni. Mwenye kitalu ana leseni. Mfadhili analeta unga, maharage, baruti, mafuta ya kompresa. Mwanaapolo analeta mwili wake. Anakula chakula cha kambi, anazama chini huko kwenye joto, anapanda amepakaa grafaiti mwili mzima anang'aa mweusi kama sufuria, na shimo likitema, yaani mawe yakipatikana, ndo anapata sehemu yake, ambayo ni ndogo, na kabla haijafika mkononi imeshapita kwa wengi. Lisipotema mwezi huu, hujapata. Lisipotema mwaka huu, hujapata, umekula ugali tu na bado uko hai.

Na hapa ndo penye kamba yenyewe. Ukiondoka leo kwenda kuona watoto, kesho likitema wewe humo. Jasho lako la miaka miwili limebaki kwenye mwamba na wanaogawana ni waliokuwepo. Kwa hiyo mtu anajiambia wiki moja tu tena, tumeshafika kwenye mkanda wenyewe, dalili zinaonekana, wiki moja tu. Mwalimu wa Kiomboi hata mshahara uchelewe miezi mitatu anajua Desemba shule zinafungwa anaenda kwao. Mgao hauna tarehe, na kitu kisicho na tarehe huwezi kumwahidi mke wako.

Alirudi mara moja, Krismasi ya 1991, na kanga na redio na hela kidogo ya bati la jikoni. Mtoto wa nne alizaliwa kutokana na hiyo Krismasi. Wasifu haukutaja hata hilo.

Mzee yule anasema baada ya hapo shimo lilinyamaza.

Barua

Mama mdogo ametunza barua kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge. Nilimwomba nizisome, akanipa bila maneno mengi.

Zilikuja kwa S.L.P. ya shule ya msingi, mwalimu mkuu anampa mtoto anapeleka nyumbani. Zote zinaanza kama barua zote za wakati ule, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali zenu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu. Alafu habari za mvua, mambo yakikaa sawa nitakuja, wasalimie wote. Hela ipo kwenye mbili tu, imepewa mtu wa kuaminika, na moja mama mdogo anasema haikufika yote. Siku hizi tunamtumia mtu hela akiwa anaoga. M-Pesa imeingia Tanzania 2008, yeye alisharudi miaka miwili nyuma.

Ila kuna barua ya 1995 ambayo mwandiko wake si wa baba mdogo. Wake ulikuwa umelala na mkali. Huu ni wa duara, msafi, wa mtu aliyemaliza darasa la saba vizuri. Inawataja watoto wote wanne kwa majina, inauliza kama wa mwisho ameanza kutembea, wakati huyo wa mwisho alikuwa na miaka mitatu anakimbiza kuku.

Nikamuuliza mama mdogo hii nani kaandika. Akasema, "Unadhani mimi sikuliona hilo siku ile ile?"

Kina Singida wangapi

Aprili 1998, mvua za El Niño. Wengi mnakumbuka. Mashimo ya Mererani yanatoboana chini kwa chini, watu wa shimo hili wanakutana na wa lile huko ndani, kwa hiyo maji yakiingia kwa jirani yameingia na kwako. Wachimbaji wengi walifia chini na kuna ambao miili yao ilichukua muda mrefu kupatikana.

Nyumbani habari ilifika kwa redio. RTD. Mama mdogo na shangazi walikaa kwenye redio ile ile aliyoileta 1991, wakisikiliza kila taarifa ya habari na matangazo ya vifo, wanasubiri jina. Na jina lisingekuja, hilo ndo jambo nililolijua juzi tu. Mererani hakuna aliyekuwa anamwita jina lake. Alikuwa anaitwa Singida. Kule mtu ni Singida, Kondoa, Babati, au ni jina la mchezaji mpira, na aliyemwandika kwenye daftari la kambi kaandika hivyo hivyo. Sasa ukipiga simu uulize Singida yupo, kina Singida wangapi?

Akatumwa binamu yangu mkubwa, ana miaka 15, pamoja na mjomba wake. Barabara ya Katesh wakati wa El Niño sitaki hata kuanza kuielezea. Wakafika. Wakauliza kambi kwa kambi mpaka wakaoneshwa nyumba ya mabanzi nyuma ya vibanda vya mama ntilie, na baba mdogo yuko mlangoni, mzima, amempakata mtoto.

Mtoto wa miaka minne hivi. Na ndani kuna mwanamke anapika.

Binamu aliporudi alimwambia mama yake maneno mawili: yupo mzima. Basi. Aliyabeba mengine peke yake miaka na miaka, na ameniambia kwamba hicho ndicho kilichomfanya asiende kwenye machimbo yoyote maishani mwake, hata pale wenzake wote wa rika lake walipokimbilia Geita.

Nilikasirika, alafu nikaanza kusoma

Niseme wazi nilikuwa na hasira na marehemu. Kuwa na hasira na mtu uliyemzika ni kitu kigumu, hakujibu.

Nikarudi Dar nikaanza kusoma usiku, nataka kujua hivi migodi ndivyo ilivyo duniani kote au ni sisi tu. California kwenye ile harakati ya dhahabu, sensa ya 1850 ilikuta wanawake hawafiki hata mmoja kati ya watu 10, wake wamebaki mashariki ya Marekani wanasubiri meli ilete barua. Johannesburg, tangu dhahabu ya 1886, wanaume wamewekwa kwenye kompaundi peke yao, mke haruhusiwi. Wazee wa Rungwe na Mbeya wanaijua vizuri Wenela, shirika la kuajiri wachimbaji lililokuwa linawasomba vijana kuwapeleka huko kusini. Ule ulikuwa mpango kabisa: mke abaki kijijini alime, alishe watoto, ili mwenye mgodi amlipe mume hela ya mtu mmoja. Ni ukatili uliopigiwa hesabu. Lakini angalau mkataba ulikuwa na mwisho, na kwa watu wa Msumbiji na Malawi sehemu ya mshahara ilishikiliwa mpaka mtu afike kwao ndo alipwe. Kwa ubaya wake wote, kulikuwa na kitu kinachomvuta mtu arudi.

Katanga wakafanya kinyume. Union Minière ile ya Wabelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1920, walichoka wafanyakazi kufa na kutoroka, wakaanza mikataba ya miaka mitatu na kutaka mwanaume aje na mke wake. Wakajenga nyumba, zahanati, shule. Hawakufanya kwa upendo, walikuwa wanataka shaba, na humo kambini walimchunga mtu mpaka jikoni kwake. Lakini watoto walizaliwa na baba yao yupo, na Kiswahili wanachoongea ndugu zetu wa Lubumbashi kimekulia kwenye kambi hizo hizo.

Nilikaa na hilo muda mrefu.

Manake kumbe mchimbaji kulala mbali na mke wake si sheria ya madini. Kuna mtu ofisini alikaa akaamua. Johannesburg waliamua hivi, Katanga wakaamua vile.

Na Mererani nani aliamua? Hakuna. Mwaka 1990 serikali iligawa eneo vitalu A, B, C na D, kila mwenye kitalu akajua mipaka yake. Nani yuko ndani ya shimo, anaitwa nani hasa, kwao wapi, akifa apigiwe nani, hilo halikuwa kwenye mgawanyo. Mwaka 2018 ukakamilika ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ili jiwe lisitoroshwe, na mimi naunga mkono jiwe lisitoroshwe. Ninachosema ni kwamba miaka yote ile watu walipotea pale na hakuna geti lililowahesabu.

Lakini yule mwingine alikuwa anarudi

Hapo nilikuwa nimeshamsamehe karibu kabisa. Alafu mama mdogo akanikumbusha mtu mmoja wa kijiji chetu hicho hicho, alizama mashimo hayo hayo, hana mgao vile vile, na kila mwaka alikuwa anarudi. Mikono mitupu. Anacheka nao kilabuni wanavyomcheka, analima na mke wake msimu mmoja, anaenda tena.

Kwa hiyo mfumo haumalizi maneno yote. Kamba ilikuwepo lakini kuna aliyeikata.

Nadhani, na nasema nadhani kwa sababu mwenyewe hayupo wa kuulizwa, baba mdogo alishindwa na yale mabati. Aliondoka akiwa ameyashika kwa mkono. Kurudi bila mabati kwake kulikuwa ni kutorudi. Na kila mwaka uliopita bei ya kurudi ikapanda, maana mwaka wa kwanza unatakiwa kurudi na zawadi, mwaka wa 10 unatakiwa kurudi na maelezo.

Juni 2020, Laizer, mchimbaji wa Mererani, alipotoa yale mawe mawili ya tanzanite, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, akalipwa shilingi bilioni 7.74, tulikuwa nyumbani tunaangalia kwenye TV na baba mdogo yupo, na kile kikohozi chake. Watoto wanashangilia, wanapiga mahesabu ya magari. Yeye akasema, "Yule anachimba kwao. Jioni anarudi kwake." Hakuna aliyemjibu, na mimi wakati ule niliona kama wivu wa mzee.

Mama mdogo hakuwa anasubiri

Kitu kingine ambacho wasifu ulikosea ni kwa kutotaja kabisa. Sisi tukisimulia tunasema "mama mdogo alimsubiri mume wake miaka 18". Nilimwambia hivyo hivyo kwa mdomo wangu, nikidhani namsifu.

Akaniangalia. "Nilikuwa nasubiri saa ngapi?"

Alilima alizeti ekari moja zikawa nne. Aliuza kuku kwa wale wanaopeleka Dar kwenye matenga. Aliwasomesha wanne, mmoja mpaka chuo. Alijenga, na mabati aliweka yeye, na baba mdogo aliporudi 2006 alilala chini ya bati la mke wake. Shemeji zake walipotaka kuuza kipande cha shamba la mume wake kwa kuwa "mwenyewe hayupo", alienda baraza la kata na zile barua mkononi, akawaambia mwenyewe yupo, huyu hapa anawasalimia wote.

Nikamuuliza mbona hakudai talaka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mtu aliyetelekezwa miaka mitatu sababu ya kwenda mahakamani, na ambaye hajasikika miaka mitano kwa watu ambao wangetakiwa kumsikia anaweza kudhaniwa amekufa. Mimi nimejiandaa na vifungu. Akasema, "Niachike ili nini? Shamba lilikuwa kwa jina la ukoo wao. Nikiwa mke wa mtu aliyepo Mererani, nalima. Nikiwa mtalaka, narudi kwa kaka yangu na watoto wanne."

Hiyo ilikuwa hesabu, na aliipiga mwenyewe, bila mwanasheria.

Na kuhusu 1998? "Nilijua jioni ile ile kijana aliporudi. Mtoto gani anamwona baba yake baada ya miaka yote hiyo alafu hana la kusimulia?"

Yule mama wa benchi la nyuma

Nilichukua namba yake kwa binamu nikampigia. Niliogopa kidogo, sijui atanipokeaje. Akanipokea kama mtoto wake.

Ana asili ya Kondoa, alifika Mererani 1992 kupika. Wanaapolo walikula kwake kwa mkopo mpaka shimo liteme, yaani na yeye alikuwa mfadhili ila hakuna aliyemwandika. Baadaye akawa anachekecha, anatafuta vipande vidogo kwenye kifusi kilichotupwa. Alijua baba mdogo ana mke. Barua ya 1995 aliandika yeye, baruti ilikuwa imemuunguza baba mdogo mkono wa kulia. "Aliwataja watoto mmoja mmoja nikaandika. Huyo wa mwisho alisema hajui kama anatembea. Nikamwambia niandike basi tuulize."

Na 2006?

"Kifua kilimzidi. Walimtibu TB Kibong'oto ikapona ila vumbi la mawe halitoki, daktari aliniambia hilo. Shimoni hawezi tena. Mimi nina watoto wawili, nauza chakula, nitamuuguza na nini? Nilimwambia rudi kwa mke wako, una shamba. Akasema naona aibu. Nikamkatia tiketi."

Kwa hiyo aliyemrudisha baba mdogo nyumbani ni yeye. Sentensi ile ya wasifu inasema "alirejea", kana kwamba aliamka siku moja akatembea.

Kisheria huyu mama hana kitu. Ile dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili haimfikii, kwa sababu ndoa ya baba mdogo ilikuwa ya kanisani, ya mke mmoja. Hajadai chochote pia. Alichoniomba ni wanawe wawajue baba zao wadogo na mashangazi zao, na waoneshwe kaburi likijengwa.

Kikao

Nimeandika kwenye grupu la familia kwamba wasifu urekebishwe kabla haujabandikwa kwenye kitabu cha ukoo: watoto ni sita, na ile miaka 18 iandikwe, alifanya kazi gani, kwa masharti gani, aliishi na nani, alirudishwa na nani. Majibu mnaweza kuyakisia. Mzee mmoja kaandika kwa herufi kubwa MAMBO YA MERERANI YAISHIE MERERANI. Wengine wameweka mikono ya kuomba. Binamu yangu mkubwa hajaandika kitu kwenye grupu ila alinipigia usiku, tukaongea mpaka salio likaisha.

Kujenga kaburi ni Desemba. Swali likawa yule mama akija afikie wapi, maana wapo waliosema hata akija akalale gesti huko Kiomboi mjini kuepusha maneno. Mjadala ukachukua siku mbili, wanaume wanajadili, mpaka mtoto mmoja akaenda kumuuliza mwenye nyumba.

Mama mdogo akarekodi voisi, ya kwanza kabisa kuituma kwenye lile grupu: "Atafikia kwangu. Kitanda kipo. Na nyie wengine msije mapema siku hiyo, mimi nina maswali yangu ya kumuuliza."